Laini ya Bwera, Saa Moja Asubuhi

Ukifungua kompyuta ya ofisi yetu ya Kasese ukatafuta laini ya Bwera, utasoma kwamba haikuwahi kuugua. Utaona tiketi nyingi, yaani malalamiko ya mteja yaliyoandikishwa, ni kweli, lakini zote zimefungwa siku ile ile, na mwisho wa kila moja pameandikwa kwamba mteja ameridhika. Nyingi nilizifunga mimi. Nyinyi mnaobaki kwenye meza ile mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi, na nimekubali kwa sababu hiyo moja: kumbukumbu mliyo nayo niliiandika mimi, na si ya kweli.

Nilianza nikiwa msichana, kwenye chumba cha simu cha posta mjini Kasese. Mbele yangu palikuwa na ubao wa matundu, mkononi nilikuwa na nyaya zenye ncha za shaba. Mtu wa Kilembe akitaka kuzungumza na mtu wa Mbarara, mimi ndiye niliyewashikanisha. Siku ya kwanza nilimuunganisha daktari na muuza mbao, wakaongea kwa heshima dakika nzima kabla mmoja hajamuuliza mwenzake yeye ni nani. Alasiri, mji ukisinzia kwa joto, wapigaji wakapungua, niliweza kusikia nyaya zenyewe. Zilikuwa na sauti nyembamba, kama mvua inayonyesha mbali juu ya ziwa. Sijui kama sauti ile ilikuwa hitilafu. Hakuna aliyewahi kuilalamikia, na mimi niliipenda.

Ubao ule ulipong'olewa na kampuni za simu za mkononi zikaja, nilichukuliwa na mojawapo pamoja na Mzee Bwambale. Yeye alikuwa fundi umeme wa mgodi wa shaba wa Kilembe hadi mgodi ulipofungwa, na mikono yake ilikuwa na makovu madogo meupe ambayo aliyaita saini za kampuni ya zamani. Leo mna vifaa vinavyolia antena ikiielekea antena mwenzake. Mzee Bwambale alikuwa na kioo cha kunyolea. Yeye alipanda mnara wa huku, mtu mwingine alipanda mnara wa kule, kilomita nyingi katikati, na kila mmoja alimrushia mwenzake jua. Mimi nilisimama chini na redio ya mkononi, nikitazama kilima cha mbali kilichokuwa buluu na kimya, hadi ghafla nyota moja ikawaka juu yake mchana kweupe. "Wametuona," mzee alikuwa akisema kutoka juu, kila mara kwa mshangao ule ule, kana kwamba hakutegemea.

Alinifundisha mambo mengi ambayo nyinyi mnayajua tayari: kufunga maungio ya nyaya kwa mpira kabla ya mvua, kutomwamini mlinzi anayesema umeme haukukatika. Lakini moja alilirudia zaidi ya yote. Mteja akikwambia mashine yake inaharibika saa moja asubuhi, usiende kumwona saa tano. Utakuta imepona, na utarudi ofisini ukisema mteja ni mwongo.

Nililiandika kwenye daftari. Halafu kwa karibu mwaka mzima nikafanya kinyume.

Ilikuwa katika miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, kampuni ilipoanza kuuza intaneti ya biashara. Haikuwa ile ya kuchomeka kwenye kompyuta mpakato. Ilikuwa laini ya mteja peke yake, yenye sahani ya antena juu ya paa na karatasi ya ahadi yenye mhuri. Mimi nilipewa wateja wa Kasese na Bwera. Wa Bwera wa kwanza alikuwa Thembo, wakala wa forodha, mwenye vyumba viwili kwenye barabara inayoteremka kwenda mpakani Mpondwe. Kabla yetu alikuwa akimtuma mtu wa bodaboda Kasese na hati kwenye flashi, mwendo wa saa nzima na zaidi, mvua au jua. Siku tuliyomfungia laini alikaa mbele ya kompyuta, akatuma hati moja, akapata jibu la forodha kabla chai haijapoa. Aliligusa lile jibu kwenye kioo kwa kidole, polepole, kama mtu anayegusa paji la uso la mtoto kuona kama ana homa.

Mteja wake mkubwa alikuwa Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo, upande wa Kongo. Kila Jumanne na Ijumaa alinunua ngege wabichi, samaki wa ziwani, huko Kahendero, pale wavuvi wanapotia nanga alfajiri, akawapanga kwenye masanduku kumi na mawili yenye barafu, na kabla ya saa moja na nusu lori lilikuwa Bwera. Uzito ulijulikana asubuhi ile ile, kwa hiyo hati hazikuweza kutumwa jana yake. Akivuka mapema, samaki waliingia soko la Beni wakiwa bado wanang'aa. Akichelewa, barafu ilimaliza kazi yake barabarani. Biashara yote ya mama yule ilisimama juu ya saa mbili au tatu za asubuhi, na asubuhi hizo Thembo alikuwa amemuahidi kwa sababu sisi tulimuahidi yeye.

Mwezi wa kwanza laini ilikwenda vizuri. Kisha ikaanza kufa saa moja na kufufuka saa nne.

Thembo alipiga simu Kampala, kwenye namba tuliyompa. Alisikiliza muziki. Akajibiwa na mtu, akaeleza, akaambiwa azime mashine na kuiwasha tena, akapewa namba ya tiketi. Kesho yake akajibiwa na mtu mwingine, akaeleza upya tangu mwanzo. Aliniambia kwamba ameshauzoea ule muziki kiasi kwamba anauimba akioga.

Tiketi zilishuka kutoka Kampala hadi kwangu. Na hapa ndipo pana jambo ambalo ningependa mlikumbuke, kwa sababu bado mnalifanya. Kila siku saa mbili asubuhi tulikuwa na kikao cha simu na makao makuu. Kila mmoja alitakiwa awe mezani, aitike jina lake. Kikao kilikwisha saa tatu. Gari lilitoka, likapita Muhokya, likakata tambarare, likaanza kupanda kuelekea Bwera, na tulipofika ilikuwa saa tano. Taa ya mashine ilikuwa ya kijani. Hakuna mtu wa kampuni aliyewahi kuwa Bwera saa moja asubuhi. Kikao cha kujadili matatizo ya wateja kilihakikisha kwamba hatuyaoni.

"Madamu, huyu mtandao inakuogopa," Thembo aliniambia siku moja. "Ikisikia gari yako, inaamka. Ukienda, inalala."

"Nikuachie picha yangu basi, uitundike hapo juu."

"Acha gari. Gari ndiyo inaheshimu."

Tulicheka wote wawili, nikarudi Kasese kufunga tiketi. Kufunga tiketi kulitaka sababu, na sababu zilikuwa tisa, zimepangwa kwenye orodha. Hukuweza kuandika ya kwako. "Sijui" haikuwemo. Tiketi iliyolala wazi iligeuka nyekundu, na tiketi nyekundu ilisomwa kwa sauti kwenye kikao, pamoja na jina lako. Kwa hiyo nilichagua sababu iliyokuwa karibu na kidole: umeme wa mteja. Siku nyingine, kwa kubadilisha, vifaa vya mteja. Kisha nikabonyeza kwamba ameridhika. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa. Kampuni ikaona umeme wa Thembo unasumbua, ikamwandikia kumshauri anunue jenereta. Akanunua. Ikawa kila asubuhi jenereta inanguruma nyuma ya ofisi, na laini imekufa vile vile.

Ijumaa moja nilifika saa tano kama kawaida nikakuta maji yakitiririka chini ya lori, yakikata njia ndogo kwenye vumbi hadi mtaroni. Mama Kavira alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, kitenge kimefungwa imara, mikono imelala mapajani. Hakuwa analia wala kufoka. Ndani, taa ilikuwa ya kijani, na Thembo alikuwa akituma hati ambazo hazikuwa na faida tena. Nilimwambia mama yule kwamba tiketi imeshafunguliwa, inashughulikiwa.

"Mama," akasema, bila kuniangalia, "samaki yangu iko nakufa mara ya pili. Barafu haingojake tiketi."

Jioni ile nilikaa mezani kwangu, nikachagua umeme wa mteja, nikaenda nyumbani.

Hakurudi Jumanne. Alihamia kwa wakala mwingine na kuanza kununua samaki wakavu, ambao hawana haraka na kitu chochote. Wengine wa Butembo walimfuata, maana pale mpakani watu hutazama alikosimama Mama Kavira kabla hawajaamua wasimame wapi. Thembo aliwaandikia makao makuu barua akidai laini itengenezwe. Majibu yalipokuja alinipigia niende. Nilikuta ameshamwambia mwenye nyumba kwamba mwisho wa mwezi anaviacha vyumba.

Alinisogezea karatasi tatu. "Soma, madamu. Kiingereza yangu ilikwisha kwa ukurasa ya kwanza."

Zilikuwa orodha ya tiketi zake, mstari kwa mstari. Umeme wa mteja. Umeme wa mteja. Vifaa vya mteja. Mteja ameridhika. Mteja ameridhika. Na mwisho wa kila mstari, jina langu, kamili, kama linavyoandikwa kwenye cheti cha ubatizo. Chini yake, kwa lugha ya adabu, walimwambia kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu laini yake haina tatizo.

Jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma. Alinyanyuka, akatoka, akaizima, akarudi akakaa.

"Mimi nilinunua ile kitu sababu ya hii," akasema. "Sasa niambie wewe mwenyewe. Mimi niliridhika lini?"

Niliomba likizo ya siku tatu, nikapanda gari la abiria, nikachukua chumba cha juu kwenye nyumba ya wageni iliyo jirani na ofisi ya Thembo. Asubuhi kabla ya jua nilitoka kwenye roshani na kompyuta, Thembo akiwa amenivutia waya kutoka kwake kupitia juu ya paa. Niliiambia kompyuta iuite mnara wetu wa ng'ambo ya tambarare, mara moja kila sekunde, na kuniandikia ikijibiwa. Naita, naitikiwa. Naita, naitikiwa. Mistari ilipanda kwenye kioo kwa utulivu, na mimi nikajiona tena mbele ya ubao wa matundu, nikiwasikiliza watu wawili wasionijua.

Kisha kukapambazuka. Sijui nilikuwa nimekwenda Bwera mara ngapi, lakini sikuwahi kuiona. Kule chini, upande wa mbugani, tambarare haikuwepo. Ukungu ulikuwa umetoka ziwani na kulala juu yake, mweupe, laini, bila mkunjo, kama shuka iliyotandikwa na mtu mwenye subira. Vilima vilielea. Nyuma yangu wimbo wa kanisani ulipanda kutoka mahali nisipopaona, ng'ombe akalia, moshi wa jiko la kwanza ukanyooka juu halafu, ukifika kimo fulani, ukapinda na kwenda ubavu, kana kwamba umegonga dari. Niliutazama moshi ule kwa muda mrefu. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Dunia nzima ilikuwa imeshika pumzi.

Nilipoangalia kompyuta, majibu yalikuwa yanachelewa. Naita, kimya, naitikiwa. Naita, kimya. Saa moja na dakika kumi mnara uliacha kuitika kabisa. Nilisimama pale na shali yangu, mbele ya asubuhi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, na nikaelewa kwamba uzuri huo ndio uliokuwa ukimwibia mama yule samaki wake. Saa nne kasoro upepo ukaja. Shuka ikachanika, tambarare ikatoka chini yake na miti yake na barabara yake, na kwenye kioo mnara ukaitika kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilikaa asubuhi tatu. Zote tatu zilikuwa hivyo.

Niliporudi Kasese niliandika barua ya ukurasa mmoja. Nilieleza nilichokiona, saa kwa saa. Kisha nikaandika kwamba sababu nilizoziweka kwenye tiketi za Bwera nilizichagua bila kuzijua, kwamba mteja hakuridhika hata mara moja, na kwamba naomba kumbukumbu zile zisitumike dhidi yake. Hii sehemu ya pili niliiandika mara nne, maana kalamu ilikuwa ikitafuta maneno ya kunihurumia. Nilijibiwa kwa barua ya onyo. Iko kwenye faili langu. Msiitafute, haina mapya. Lakini wiki mbili baadaye injinia Mukasa alishuka kutoka Kampala, na kwa mara ya kwanza mtu wa makao makuu akalala Bwera.

Hakuamini. Alikuja na chati zake, na kwenye chati zake laini ilikuwa mstari ulionyooka, kwa sababu zilijumlisha siku nzima zikaigawanya, na saa tatu mbaya ndani ya saa ishirini na nne zenye nafuu hazikuacha hata kovu. Nilimpandisha kwenye roshani, nikampa chai. Ukungu ukalala. Mistari ikachelewa, ikakoma. Akauangalia moshi wa majiko ukipinda, kama nilivyouangalia mimi, na uso wake ukabadilika.

"Pole, nyabo," akasema, akiniita kwa heshima ya kwao. "Mimi nafungua skrini yangu saa nne na nusu. Nikishakunywa chai."

Alinieleza kwamba ukungu wenyewe hauna kosa. Ni hewa ya baridi iliyolala chini ya hewa ya joto. Wimbi la redio likipita hapo linapinda, kama moshi ule, na kuikosa sahani ya upande wa pili. Dawa yake ni kufunga sahani nyingine chini ya ile ya kwanza kwenye mnara wa ng'ambo, ili wimbi likiikosa moja liangukie nyingine. Alichora kwenye karatasi ya sukari. Karatasi hiyo ninayo.

Sahani yenyewe ilikaa kwenye ghala la Kampala ikingoja saini ya mtu aliyekuwa likizo. Aliporudi, mwenye ghala akaenda likizo. Kila kikao cha saa mbili asubuhi nilipoitwa jina nilijibu kwamba nipo, na kwamba tiketi ya Bwera iko wazi. Iligeuka nyekundu, ikakaa nyekundu miezi. Mwenyekiti wa kikao alikuwa akipumua kwa nguvu kabla ya kuisoma. Thembo alirudi kwenye bodaboda na flashi, akimwomba mwenye nyumba mwezi mmoja zaidi, kisha mwingine. Sahani ilifika mvua za mwisho wa mwaka zikikatika. Mafundi waliifunga siku moja. Kazi haikuwa kubwa hata kidogo.

Nilikwenda kwa Mama Kavira mwenyewe, kwenye kibanda cha samaki wakavu karibu na soko. Nilimweleza kuhusu sahani mpya, na nilimweleza pia kuhusu tiketi na jina langu. Alisikiliza huku akipanga mafungu. Aliniuliza tu kama nataka kununua.

Jumanne iliyofuata nilikuwa ofisini kwa Thembo tangu saa kumi na mbili na nusu. Nje ukungu ulikuwa mzito, umepanda hadi barabarani. Watu wa mpakani walitokea ndani yake mmoja mmoja na kumezwa tena. Saa moja na robo Mama Kavira aliingia, na nyuma yake mchukuzi mwenye sanduku moja kichwani, likidondosha maji.

Thembo aliliangalia sanduku, akaangalia mlango, hakuna lingine lililofuata. "Moja tu, mama?"

"Niliaminiaka hii biro na masanduku kumi na mbili," akasema, akiizungushia macho ofisi. "Leo naiaminia na moja."

Alikaa kwenye benchi na kuweka kiganja juu ya kifuniko. Thembo aliandika uzito, akabonyeza. Sote watatu tuliangalia kioo, na dirisha jeupe kabisa nyuma yake. Nilijua namna wimbi lilivyokuwa likitanga-tanga juu ya tambarare saa ile, likipinda, likitafuta mahali pa kutua. Mashine ya kuchapa ikakohoa, ikatoa karatasi.

Mama Kavira aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma upande wa mbele na wa nyuma. "Iko na muhuri?"

"Iko," Thembo akasema.

Aliikunja, akaitia kifuani, akampandishia mchukuzi sanduku kichwani. Hakutuaga. Nilisimama mlangoni nikawaona wakiteremka kuelekea daraja la mpakani la Lhubiriha, hadi sanduku tu likabaki, likielea, halafu nalo likaingia kwenye weupe.

Ijumaa alileta mawili. Nilipostaafu alikuwa amefika saba.